Ng'ombe wa Mayatima na Ua wa Umeme wa Jua

Ndugu yetu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mjane, watoto wanne na mifugo. Eda ilipokwisha na mirathi ikagawanywa, ng'ombe watano waliangukia fungu la watoto, na wazee wa ukoo wakatukabidhi sisi mashangazi zao tuwatunze ng'ombe hao hadi watoto watakapoweza kusimamia mali yao. Shamba liko nyuma ya Msambweni, ekari nne za minazi, mikorosho na malisho, mahali ambapo nguzo za stima hazijafika. Ua wake ulikuwa wa fito na miba, kazi ya mikono ya marehemu, na kila masika mchwa walijipatia sehemu yao.

Usiku mmoja ng'ombe walitoka. Baada ya sala ya alfajiri mzee jirani alipiga hodi, akasema, "Wanangu, sikuja kugombana. Njooni mtazame kwa macho yenu." Mistari kumi na minne ya mahindi yaliyokuwa yakianza kubeba ilikuwa imelala chini. Ng'ombe wawili tuliwakuta ukingoni mwa konde lake la muhogo, nasi tukashukuru kwamba hawakuingia ndani, kwani majani mabichi ya muhogo mchungu yana sumu, na ng'ombe aliyeyala kwa wingi huweza kufa kabla daktari hajafika. Mzee alitukumbusha hukumu ya Nabii Daudi na Nabii Suleiman juu ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu, iliyotajwa katika Surat Al-Anbiyaa, kisha akacheka: yeye hakuwataka ng'ombe wetu, alitaka mahindi yake. Tulimlipa kutoka mifukoni mwetu.

Lililotuuma zaidi tulilijua siku hiyo hiyo. Mkubwa wa watoto, kijana wa miaka 13, alikuwa akilala zizini kwa muda wa mwezi mzima ili aulinde ule ua mbovu, pasipo kumwambia mtu. Ndiyo maana alikuwa akisinzia shuleni na chuoni. Usiku ule usingizi ulimshinda.

Wasomaji wengi wanaujua ua wa umeme kwa ajili ya tembo wa Shimba Hills, au wamesikia habari za ule wa milima ya Aberdare, wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Wa ng'ombe ni ule ule kwa umbo dogo. Kuna kisanduku, ambacho mafundi hukiita enajaiza, kinachochukua umeme wa betri ya volti 12 na kuugeuza kuwa mipigo ya volti elfu kadhaa, mpigo mmoja kila baada ya sekunde moja au zaidi kidogo. Volti ni nyingi lakini mpigo ni mfupi mno, kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa hivyo humshtua mnyama bila ya kumwunguza. Waya zenyewe ni nyembamba; ng'ombe mwenye njaa angetaka angezilaza chini. Kinachomzuia ni kukumbuka jinsi pua yake ilivyopigwa.

Kosa letu tulilifanya dukani, nasi tunalieleza hapa kwa kuwa lilifanywa kwa fedha ya mayatima. Tulionyeshwa kisanduku kizuri chenye paneli ya sola juu yake na betri ndani yake, chepesi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Kasha liliandikwa kilomita 10. Shamba letu lina mzunguko wa mita 520 hivi. Hata kwa waya tatu ni kama kilomita moja na nusu. Tukajiona tumenunua mashine ya kutosha na kubaki.

Hatukujua kwamba kilomita za kasha huhesabiwa kwa ua ulio bora kabisa: waya mmoja, mpya, usioguswa na jani hata moja, juu ya udongo wenye unyevu. Kila jani la nyasi linalougusa waya hunyonya sehemu ya mpigo na kuipeleka ardhini, na shamba la Pwani baada ya mvua halikosi majani. Kipimo cha kuuliza ni jouli, yaani kiasi cha nguvu kilichomo katika kila mpigo. Na hapo pia pana mtego, maana baadhi ya makasha huandika jouli zilizohifadhiwa ndani ya mashine, ambazo daima huzidi zile zinazotoka kwenda katika waya. Mnunuzi aulize zinazotoka. Kisanduku chetu kilitoa robo ya jouli. Kwa shamba la kadiri yetu, lenye nyasi na mchanga, sasa hatungeshauri chini ya jouli moja inayotoka.

Masika yale mambo yalikwenda vizuri, nasi tukajisifu. Ilipoingia kaskazi na mchanga ukakauka, ng'ombe mmoja tunayemwita Zabibu aligusa waya, akasita, akagusa tena, kisha akapita kama anayesukuma pazia. Tulirudi dukani kwa hasira. Muuzaji aliipima mashine mbele yetu, ikawa nzima. Tuliondoka tumenuna, na kumbe nusu ya haki ilikuwa upande wake.

Fundi aliyekuja shambani hakuitazama mashine kwanza. Aliuliza iko wapi athi. Tukamwonyesha kipande kimoja cha nondo, urefu wa mkono, kilichochomekwa kando ya ukuta wa kibanda. Akatikisa kichwa. Alitufahamisha kwamba mpigo sharti uwe na njia ya kurudi: unatoka katika mashine, unapita katika waya, unaingia kwa ng'ombe, unashuka kwato zake, unapita ardhini mpaka kwenye vyuma vya athi, na hapo unarejea ulikotoka. Njia ikikatika mahali popote, ng'ombe hasikii kitu. Udongo wetu ni mchanga juu ya mwamba wa matumbawe. Ukikauka, hauupitishi umeme ila kwa taabu. Kwa hiyo hata mashine kubwa ingeshindwa juu ya kile kipande cha nondo, na wako watu wanaobadilisha mashine mara mbili, mara tatu, bila ya kuitazama ardhi.

Alituagiza vyuma vinne vilivyopakwa zinki, kila kimoja mita 2, tukavipigilia vyote mpaka ndani, kimoja na kingine vikiachana mita 3, chini ya migomba ambako maji ya kuoshea na ya hori humwagika kila siku. Kawaida vitatu hutosha. Mchanga ulitutaka tuongeze. Vyuma hivyo visiunganishwe na athi ya nyumba yenye stima, na viwe mbali nayo angalau mita 10. Kisha akabadilisha mpangilio wa waya. Hapo awali zote tatu zilikuwa na umeme. Sasa wa juu na wa chini ndio wenye umeme, na wa kati umeunganishwa na athi. Ng'ombe anayeingiza kichwa hugusa waya mbili kwa pamoja, na mpigo hurudi kwa waya wa kati bila ya kuutegemea mchanga. Kwa nchi kavu kama yetu, tunaona hili ndilo jambo lililotusaidia kuliko yote.

Namna ya kuijaribu athi haina ugumu. Umbali wa mita 100 hivi kutoka kwenye mashine, waya wenye umeme huegemezwa vyuma vilivyochomekwa ardhini, mashine ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, volti za ua zinapaswa kuanguka chini ya 2,000. Zisipoanguka, vyuma huongezwa. Hapo kipimo huwekwa juu ya chuma cha mwisho cha athi, na mguu wake wa pili ardhini, mita moja pembeni. Kikisoma zaidi ya volti 300, athi haitoshi.

Mashine ya pili tuliichagua kwa hesabu, tukiwa na daftari. Ilitoa jouli moja, na ilikula ampea 0.2. Kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 4.8. Tulitaka ua usizimike hata mawingu yakikaa siku tatu mfululizo, nayo ni ampea-saa 14.4. Betri ya risasi ikikamuliwa zaidi ya nusu hufa mapema, kwa hivyo tukazidisha kwa mbili, ikaja karibu 29, tukanunua ya 40. Iwe betri ya sola, si ya gari, kwani ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi tu. Upande wa paneli, matumizi ya siku ni kama wati-saa 58. Siku mbaya za masika tulizihesabia saa tatu tu za jua zuri, ikawa wati 19, tukaongeza kwa ajili ya vumbi na upotevu, tukachukua paneli ya wati 40 pamoja na kidhibiti cha chaji. Imelazwa kwa mwinamo mdogo ili mvua iioshe, tena iko juu ya paa la kibanda, kwani iliyo nguzoni kando ya njia haikai sana.

Vitu vikiwa mbalimbali, kinachoharibika ndicho kinachonunuliwa. Tungeongeza jambo moja kwa walio karibu na bahari: kisanduku kiwe kimezibwa dhidi ya maji na vumbi, na waya uwe wa zinki nzito, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma chembamba. Waya wa kutoka kibandani hadi uani nao usiwe ule wa nyumba. Ule umetengenezwa kwa volti mia chache, nao huvujisha ukipewa elfu.

Kuhusu usalama hatuna mzaha. Watoto wanaokwenda chuoni hupita kando ya shamba letu. Tafuteni enajaiza yenye maandishi ya kanuni ya kimataifa IEC 60335-2-76, inayoweka mpaka wa nguvu ya mpigo. Mtu asithubutu kuunganisha ua moja kwa moja na stima ya nyumba. Huo si mpigo, ni umeme usiokatika, nao huua. Wala waya wa seng'enge usitiwe umeme, kwani mtoto au mnyama akinaswa na miba hawezi kujinasua. Mabango ya HATARI tuliyatundika upande wa njia, yenye picha, kwa wasiojua kusoma.

Ng'ombe nao walifundishwa upya. Tuliwaweka siku tatu ndani ya boma la miti lenye waya mmoja wa umeme kwa ndani, wakanusa wenyewe. Zabibu alinusa mara mbili tu.

Palibaki suala la fedha. Mmoja wetu aliona kwamba msimamizi aliyekosea bila ya uzembe hadaiwi. Wengine tukasema kutouliza ni uzembe. Tulibishana jioni mbili, kisha tukachanga bei ya kisanduku cha kwanza, tukairudisha katika hesabu ya watoto na kuiandika. Kisanduku chenyewe sasa ni chetu, nacho kinatumika kwa waya mmoja wa kuhamishika, unaoyagawa malisho ili nyasi zipate kupumzika.

Kijana analala nyumbani. Kazi yake ni kupima volti kila asubuhi kabla ya shule, mwisho wa ua ulio mbali na mashine, na kuziandika. Tumemwambia zikishuka chini ya 4,000 asiende bila ya kutuarifu. Jumatatu aliandika 6,200, Jumanne 6,100. Leo amekuja mbio na 2,900, akisema upande wa minazi kuti limeangukia waya. Mmoja wetu amekwenda na panga, na mashine tumeizima mpaka arudi.