Si Kila Lisemwalo Lipo

LEMARA, ARUSHA

Wahenga walituachia msemo unaopendwa mno barazani: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huu una hekima yake pale unapomwonya mtu asipuuze dalili za mambo. Lakini wako wengi walioufanya kuwa ushahidi. Jirani akitajwa kwa ubaya, hawaulizi tena nani ameona na ameona nini. Husema tu kwamba kama hakufanya, asingetajwa.

Uvumi wa namna hii haukosekani katika nchi yoyote. Hata hivyo, uvumi peke yake haumfungi mtu wala haumnyongi. Hufanya hivyo pale tu unapopata sikio la mwenye mamlaka, naye akaupokea kana kwamba ni ushahidi. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, kwa manufaa ya wananchi na hasa ya viongozi wanaoletewa mashitaka kila siku.

Vitabu vikubwa vya fasihi vimelichunguza jambo hili kwa kina. Mwaka 1953 Mmarekani Arthur Miller alitoa mchezo wa kuigiza uitwao The Crucible, kuhusu mji wa Salem katika Massachusetts, ambako mwaka 1692 wasichana wachache walianza kupiga kelele na kuanguka wakidai kwamba wamerogwa. Watu zaidi ya 150 walishitakiwa, na 19 wakanyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee mmoja aliyekataa kujibu mashitaka alilaliwa na mawe mazito hadi akafa. Aliyekiri uchawi aliachwa hai, na aliyeshikilia kwamba hana hatia alipelekwa kwenye kitanzi. Hivyo mahakama ikawa inawalipa waongo uhai, na wakweli mauti.

Katika mchezo huo mkulima John Proctor anashawishika kukiri uwongo ili aokoe maisha yake. Lakini anapotakiwa kutia sahihi, na karatasi ile ibandikwe hadharani, anaichana. Anaona kwamba akiwapa jina lake hatakuwa na kitu cha kuwaachia wanawe. Miller mwenyewe alionja jambo hilo. Mwaka 1956 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akatakiwa awataje wenzake waliohudhuria mikutano ya waandishi wa Kikomunisti. Alikataa. Mwaka 1957 alitiwa hatiani kwa kuidharau Bunge, na mwaka 1958 hukumu hiyo ikatenguliwa.

Yafaa kukumbuka jinsi mkasa wa Salem ulivyokoma. Wasichana hawakuugua wakapona. Mahakama ya kwanza ilikuwa imekubali ushahidi wa mizuka, yaani mshitaki kudai kwamba ameona kivuli cha mtu kikimtesa. Gavana aliivunja mahakama hiyo, na mwaka 1693 mahakama mpya ilipoukataa ushahidi wa aina hiyo, karibu washitakiwa wote waliachiwa. Watatu waliotiwa hatiani walisamehewa. Ilitosha waamuzi kuuliza swali moja la haki.

Wasomaji wa Kiswahili nao wana mfano wao. Marehemu Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, ikatolewa mwaka 1963. Humo, baada ya Kaizari kuuawa na umati kuchochewa kwa hotuba, mshairi aitwaye Cinna anakutana na watu wenye hasira. Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi tu, si yule wanayemtafuta. Utetezi haumsaidii, anararuliwa kwa sababu ya jina.

Anayekaa hapa Lemara, katika Jiji la Arusha, hahitaji kwenda Roma wala Salem. Mjini kwetu lipo Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo leo ni makumbusho, na katika mwaka huohuo sehemu hizi zilipata msiba wao. Wajerumani walikuwa na hofu tangu mwaka 1896, wamisionari wawili walipouawa Akeri chini ya Mlima Meru. Kisha zikamfikia Kapteni Kurt Johannes, mkuu wao huko Moshi, habari kwamba watawala wa Uchaga, wa Meru na wa Arusha wamekula njama ya kuwashambulia Wajerumani. Wanahistoria wengi wanamtaja Mangi Marealle wa Marangu kuwa ndiye aliyezipeleka au kuzikuza habari hizo. Naye ndiye aliyenufaika kwa kuondoka kwa wapinzani wake. Tarehe 2 Machi, 1900, huko Moshi ya Kale, walinyongwa watu 19 hadharani, akiwamo Mangi Meli, pamoja na viongozi wa Wameru na wa Waarusha. Idadi yao ni ileile ya Salem. Hofu ilikuwapo, mshitaki mwenye faida alikuwapo, na afisa mwenye mamlaka aliamini lililokubaliana na hofu yake.

Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Agosti, 1905, Kinjeketile Ngwale alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro. Ebrahim Hussein alimfanya kuwa mhusika mkuu wa tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969. Mwishoni mwa mchezo, Kinjeketile anatakiwa atamke kwamba maji yale yalikuwa uwongo. Anajua kwamba maji hayakuzuia risasi. Lakini anajua pia kwamba neno hilo likitoka kinywani mwake, mtawala atalitumia kuwafundisha watoto kwamba hata madai ya uhuru yalikuwa uwongo. Anakataa. Proctor na Kinjeketile hawakusoma kitabu kimoja wala hawakusali mahali pamoja, ila wote wawili walielewa kwamba ungamo linalotakiwa kwa nguvu halitafutwi kwa ajili ya ukweli.

Ndugu zetu wa Visiwani wanayo kumbukumbu ya karibu zaidi. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, zilivuma Pemba na kisha Unguja habari za popobawa. Watu wazima walilala nje kwa makundi, wakikesha karibu na moto. Mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na umati. Kadhalika huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu huo ni wa moshi wa kuni walizopikia maisha yao yote.

Wala asiseme mtu kwamba maneno ni maneno tu. Katika jiji hili la Arusha, mwezi Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio RTLM na gazeti la Kangura, kwa sababu vyombo hivyo vilichochea mauaji ya mwaka 1994. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya mashitaka na kupunguza adhabu, lakini hakuna hata mmoja aliyeachiwa huru.

Hapana budi basi kila kiongozi anayeletewa shutuma, kuanzia sheha na mjumbe hadi mkuu wa wilaya, aulize mambo matatu kabla ya kutenda. Kwanza, msemaji ameona nini kwa macho yake mwenyewe? Pili, atapata faida gani mshitakiwa akiondolewa? Tatu, je, mshitakiwa amesikilizwa bila kutishwa? Ikidhihirika kwamba hana hatia, basi atakaswe hadharani, palepale alipotajwa, kwani jina lililochafuliwa mkutanoni halisafishwi kwa barua ya siri.

Kuchelewa kufanya hivyo kuna gharama yake. Massachusetts ilianza kurudisha heshima ya waliohukumiwa mwaka 1711, na wa mwisho aliondolewa hatia mwaka 2022. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa kutoka nchi yetu yamelingana kwa damu na familia zilizoko kwetu hadi leo. Jamaa wa Mangi Meli wamekuwa wakilitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Afisa aliyeamini uvumi mwaka 1900 ametoweka zamani, na wajukuu wa aliowanyonga bado wanadai haki yao.