Ugonjwa wa Kichwa cha Injini Katika Milima ya Karatu

Kila msimu wa vitunguu malori hupanda kutoka Mang'ola, karibu na ziwa Eyasi, kwenda Karatu. Na mengine hutoka Mto wa Mbu yakapanda ukuta wa Bonde la Ufa, hata kufika ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Mara nyingi twaona lori limesimama kando ya njia, mvuke ukitoka mbele, na vitunguu vikianza kuoza juu. Dereva husema, "Injini imechemka." Lakini kuchemka ni dalili tu, kama homa kwa mwanadamu, ugonjwa wenyewe hauna budi kutafutwa. Kwa kuwa vijiji vingi vina trekta, mashine za kusaga na za kuvuta maji, twaona yafaa kueleza jambo hili, ili wanaotunza fedha ya watu wasinunue mashine mpya pasipo haja.

Injini ina mwili wa chuma wenye silinda, na juu yake kichwa chenye valvu. Kati yao pamewekwa gasketi, bamba jembamba lenye kazi tatu: kuzuia moto usitoke katika silinda, kuzuia maji yasiingie humo, na kuzuia oili isichanganyike na maji. Katika injini ya dizeli hewa hubanwa hata joto lake hupita sentigredi 500. Basi kichwa kikipindika kidogo tu, moto hupata njia ya kupenya.

Tena milima yetu ina sharti lake. Pwani maji huchemka kwa sentigredi 100. Karatu, ambayo iko kadiri ya meta 1,500 juu ya bahari, huchemka kwa 95 hivi. Na katika ukingo wa kreta, penye meta 2,300 hivi, kwa 92. Kifuniko cha rejeta hubana maji yasichemke upesi. Kikiwa kimechakaa, msaada huo hupotea. Ndiyo maana gari lililokwenda vema Tanga laweza kushindwa hapa.

Dalili za gasketi iliyoungua au kichwa kilichopasuka ni hizi. Maji hupungua wala hakuna mahali yanapovuja. Moshi mweupe hutoka, nao haukomi hata injini ikipata moto. Oili katika kijiti cha kupimia huonekana kama chai ya maziwa. Silinda mbili zilizo jirani hupungukiwa na nguvu pamoja. Lakini tusihukumu upesi. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai kila injini hutoa moshi mweupe kwa dakika chache, nao ni unyevu tu. Vivyo hivyo utando mweupe chini ya kifuniko cha oili waweza kuwa umande. Ushahidi wa kweli ni oili ya kijiti.

Kipimo rahisi ni hiki. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta, jaza maji, kisha iwashe. Mapovu yakitoka mfululizo tangu mwanzo, kabla maji hayajapata moto, moshi wa silinda unaingia majini. Yasipotoka, kwanza tazama mkanda wa feni, pampu ya maji, thamostati, na rejeta iliyozibwa na vumbi au kutu. Na injini ikikataa kabisa kuzunguka, usiilazimishe: huenda silinda imejaa maji, nayo maji hayabaniki, fimbo ya pistoni itapindika.

Ikithibitika kuwa kichwa ni kigonjwa, kazi ni ya fundi. Lakini mwenye mali ajue utaratibu. Injini ipoe kabisa, maji yamwagwe. Bolti zilegezwe kidogo kidogo, kuanzia pembeni kwenda katikati, ili kichwa kisipindike. Kisha rula ya chuma iliyonyoka ilazwe juu ya uso wa kichwa, kwa urefu na kwa mshazari, na nafasi iliyo chini yake ipimwe. Kwa injini nyingi nafasi ya kadiri ya sehemu moja ya kumi ya milimeta ndiyo mwisho. Lakini neno la kufuata ni la kitabu cha mtengenezaji. Kilichopindika hupelekwa mjini kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga chuma. Kukisugua kwa tupa ni kukiharibu. Huko pia hupimwa kama kina ufa, hasa kati ya valvu.

Wakati wa kurudisha, nyuso zisafishwe, na matundu ya bolti yakaushwe, maana maji yaliyobaki humo yaweza kupasua mwili wa injini. Gasketi iwe mpya. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kwa spana inayopima nguvu. Oili ibadilishwe, valvu zipimwe upya. Wengine huona haya kutumia kitabu, wakisema mkono wao wajua. Mkono huo ndio urudishao gari kwa fundi baada ya mwezi.

Hata hivyo gasketi mpya haiponyi chanzo. Kama rejeta iliyozibwa ndiyo iliyochemsha injini, isiposafishwa itachemsha tena, na fedha itakuwa imepotea mara mbili.

Tunamalizia kwa madereva. Mlima upandwe kwa gia ndogo, na kipimo cha joto kitazamwe. Kikipanda sana, simama upesi mahali pa salama, zima injini, ngoja. Usifungue rejeta ya moto, maana mvuke huunguza uso na macho. Wala usimimine maji baridi katika injini iliyochemka; chuma cha moto kikipata baridi ghafula hupasuka. Saa moja ya kungoja Rhotia ni nafuu kuliko kichwa kipya. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa injini, ufa wenyewe huanza siku ile maji yalipopungua tukanyamaza.