Shilingi 4 zimeenda wapi? Kukadiria desimali kwenye hesabu za chama

Chama kina wanachama 12 na shilingi 50,000 za kugawana mwisho wa mwaka. Mweka hazina anafungua kikokotoo kwenye simu, anagawanya, anapata 4,166.6666… Senti hazitumwi kwa simu, ni shilingi nzima tu. Sasa aandike 4,166 au 4,167?

Sheria ni rahisi. Angalia tarakimu ya kwanza baada ya pale unapokata. Ikiwa ni 0 hadi 4, acha namba ilivyo. Ikiwa ni 5 hadi 9, ongeza 1. Hapa baada ya nukta kuna 6, kwa hivyo ni 4,167.

Lakini ngoja kwanza. 4,167 mara 12 ni 50,004. Kila mtu ameongezewa kama senti 33, na zote pamoja zimefika shilingi 4 ambazo chama hakina. Mtu wa mwisho kwenye orodha hatatosheka, na hapo ndipo maneno huanza kwenye grupu. Kwenye kugawana pesa, afadhali mshushe: kila mtu 4,166, jumla 49,992, na zile 8 zinazobaki zirudi kwenye akiba ya chama. Kubalianeni mapema, kabla hata ya mtu wa kwanza kutumiwa. (Ada ya kutuma iwekeni kando, hiyo ni hesabu yake.)

Kosa lingine ni kukadiria mara mbili. Chukua 86.46. Mtu anaifanya 86.5 kwanza, kisha anaona ile 5 na kuandika 87. Si sawa! Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni 4, kwa hivyo ni 86. Kata mara moja tu, ukianzia namba ya mwanzo.

Na usikate mapema. Hili ndilo huumiza watu zaidi, kwa sababu halionekani. Tuseme umekopa shilingi 48,000 kwa riba ya asilimia 1.25 kila mwezi, ikihesabiwa kwa pesa yote uliyokopa. Riba ni 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka. Mtu akikwambia "hiyo 1.25 tuite tu 1.3", utalipa 624 kwa mwezi, na mwaka ukiisha ni 7,488. Shilingi 288 zimetoka mfukoni mwako kwa sababu ya tarakimu moja. Fanya hesabu yote na desimali zake, halafu ukadirie jibu la mwisho.

Kwa wenye duka kuna jambo moja tofauti. Kreti ya mayai 30 ukiinunua 400, yai moja linakugharimu 13.33. Sheria inasema 13, lakini ukiuza 13 utapata 390, hasara ya 10. Bei ya kuuza hupandishwa, hata kama baada ya nukta kuna 3. Anzia 14, kisha uongeze faida yako.