Kufundisha Kuhusu Joto la Maji ya Mto

Mwanafunzi wa Bagamoyo aujua Mto Ruvu kwa samaki wake, lakini ni nadra kuulizwa maji yake yana joto kiasi gani. Katika makala hii twakusudia kuonyesha jinsi swali hilo liwezavyo kufundishwa kwa vitendo.

Ruvu huanzia milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Joto la maji ya mto huongezeka kwa sababu kuu tatu. Kwanza, hewa ya dunia inazidi kupata joto. Pili, miti ya kingoni ikikatwa, jua hupiga maji moja kwa moja. Tatu, mto ukipungua kina, maji machache hupata moto upesi.

Maji yenye nyuzi joto 20 za Sentigredi huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yafikapo nyuzi 30, hubeba kama 7.5 tu. Wakati huo huo, mwili wa samaki huhitaji oksijeni zaidi kwa sababu ya joto. Kambale huweza kuibuka na kuvuta hewa, bali samaki wengi hawawezi. Nao huhama au hufa.

Mwalimu aanze na sufuria ya maji motoni: vipovu vidogo vitokeavyo kabla ya kuchemka ni hewa iliyokuwamo majini. Kisha wanafunzi wapime maji ya kijito penye kivuli na penye jua, saa ile ile. Maji yatekwe kwa ndoo na kamba. Mtoto asiingie majini, kwani kuna kichocho, na Ruvu ina mamba na viboko.

Lipo kosa tulilowahi kulifanya sisi wenyewe. Tulipima siku moja, tukakuta maji yana joto, na darasa likakata shauri kwamba mto umeharibika. Kumbe kilikuwa kiangazi tu. Mabadiliko ya muda mrefu huthibitishwa na vipimo vya miaka mingi, vilivyochukuliwa mahali pale pale na saa ile ile, kila mwezi. Kwa hiyo kila shule iwe na daftari la mto, lirithiwe darasa hadi darasa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mwanafunzi aliyepima kivulini na juani ataelewa sababu mojawapo ya kuitunza miti iliyomo katika mita hizo.