Kwa Nini Twachuja Mkojo Wako

Mgonjwa mpenzi, huenda mganga alikupa chupa safi akasema, “Ulete mkojo wako mchana.” Wengine huona haya, wakaleta mkojo wa alfajiri, au hata wa ndugu yao. Usifanye hivyo. Sikiliza sababu.

Kichocho, ambacho wengine hukiita bilharzi, huletwa na minyoo midogo ikaayo ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu. Daktari Theodor Bilharz aliigundua mwaka 1851 katika mji wa Cairo. Minyoo yenyewe haitoki. Mayai yake ndiyo yatokayo katika mkojo, na hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Lakini mayai huweza kuwa machache sana. Tukitazama tone moja tu kwa darubini, twaweza kuyakosa yote. Kwa hiyo twautikisa mkojo, maana mayai huzama chini, kisha twavuta mililita 10 kwa bomba la sindano na kuusukuma polepole katika kichujio cha mviringo, chembamba kama karatasi. Umemwona mama akichekecha unga wa muhogo: unga laini hupita, mabonge hubaki. Ndivyo ilivyo hapa. Gawanya milimita moja katika sehemu 1000: tundu la kichujio lina upana wa sehemu 12 hivi. Chembe nyekundu ya damu, yenye sehemu 7 au 8, hupita. Yai la kichocho lina urefu wa sehemu zaidi ya 100, nalo hunaswa. Kisha kichujio chawekwa juu ya kioo na mayai yahesabiwa, kila moja na mwiba wake mwishoni. Yakifika 50, ugonjwa ni mzito.

Jambo moja lanisikitisha. Mtu mwenye mkojo kidogo huongeza maji ili ajaze chupa. Maji hayo huyafanya mayai kuanguliwa, na tulichokitafuta hatukioni. Leta kidogo ulicho nacho.

Tusipoona kitu, usikasirike ukiitwa tena kesho, kwa kuwa mayai hayatoki sawasawa kila siku. Kichocho kisichotibiwa huharibu kibofu na figo, na kwa wanawake huumiza viungo vya uzazi. (Nanyi wazazi, mvulana akikojoa damu, hiyo si dalili ya kukua.)

Mayai yakionekana, utapimwa uzito, upewe vidonge vya prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo. Baada ya majuma machache utaombwa mkojo tena, mchana vilevile, nasi tutachuja mililita 10 zilezile.