Ramani ya Mnunuzi (2): Chandarua Kimeuzwa, Kinatumika Wapi?

Wiki iliyopita tulisema kwamba orodha ya wateja, hata iwe ndefu namna gani, haijawa ramani mpaka kila jina lipewe mahali pake. Leo twende Ifakara, ambako kazi hiyo ilifanyika kabla simu za mkononi hazijaenea katika bonde la Kilombero.

Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, zilizokuwa na watu wapatao 480,000. Wajawazito na mama wenye watoto wadogo walipewa hati punguzo kliniki. Hadi hapo ni biashara tu, na daftari la mwenye duka lingekuambia vyandarua vingapi vimetoka. Aliyelala ndani yake hayumo kwenye daftari hilo.

Jibu lilitoka upande mwingine. Katika vijiji 25 vya wilaya hizo wadodosaji walikuwa wakipita kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne, wakiandika aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehamia na aliyehama. Watafiti wakalinganisha watoto waliofariki na waliokuwa hai: nani alikuwa na chandarua chenye dawa? Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet. Ndani ya miaka mitatu watoto wachanga wenye vyandarua vyenye dawa walipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya 50, na chandarua chenye dawa kilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mauzo peke yake yasingeonyesha hilo hata siku moja.

Sasa tuje kwenye umbali, ambapo wengi huteleza. Mchoraji wa ramani huweka duka katikati, akazungushia duara la kilomita tano, akahesabu nyumba zilizomo na kuziita wateja. Kwa Ifakara duara hilo lilikuwa uongo kwa miaka mingi: kabla ya Daraja la Magufuli kujengwa, mteja wa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, alisubiri kivuko, na masika ndiyo usiseme. Pima njia na muda, si mstari ulionyooka.

Hata ukipima njia, bado mteja mwenyewe anahama. Msimu wa mpunga kaya nzima hufunga nyumba kijijini na kwenda kukaa kwenye dungu shambani, kuwinga ndege na kulinda mazao. Watafiti waliowafuata huko, wakachapisha mwaka 2008, walikuta karibu kila anayelala shambani yumo ndani ya chandarua. Bidhaa ilihama na mwenyewe! Kilichobaki kijijini ni maduka ya dawa na zahanati, na homa ikimpata mtoto usiku, ni safari.

Kwa hiyo ewe mwenye duka la pembejeo, wakala wa pesa, ofisa wa halmashauri: kwenye orodha yako ongeza safu mbili, mahali bidhaa inapotumika na mwezi wa mauzo. Na kabla hujaandika jina la mtu, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tutaichambua wiki ijayo.