Fahamu: Kwa nini mchezo wa Trespasser uliwaangusha wapenzi wa dinosaria?

Filamu za Jurassic Park zimezaa michezo mingi ya video, lakini michache ililaumiwa kama Trespasser, uliotolewa mwaka 1998 kwa ajili ya kompyuta.

Unahusu nini?
Mchezaji ni Anne, aliyenusurika ajali ya ndege na kujikuta kisiwani Isla Sorna, kwenye makazi ya dinosaria. Sauti ya John Hammond, mwasisi wa Jurassic Park, ni ya mwigizaji Richard Attenborough, yuleyule wa kwenye filamu.

Uliharibika wapi?
Mkono wa Anne uliongozwa kwa kipanya, hivyo hata kuokota bunduki ilikuwa kazi ngumu. Dinosaria waliyumba na kujikwaa ovyo, na kompyuta nyingi za wakati ule zililemewa. Kujua afya yako, ilibidi utazame mchoro wa moyo kifuani mwa Anne.

Kwa nini ukumbukwe?
Watengenezaji walitaka kila kitu kiwe na uzito, kianguke na kugongana kama katika dunia halisi. Mwaka 2004, mchezo mwingine, Half-Life 2, ulionyesha kwamba wazo hilo linawezekana. Seamus Blackley, aliyeongoza utengenezaji wa Trespasser, baadaye alishiriki kubuni mashine ya michezo ya Xbox. Trespasser ulistahili lawama, lakini uthubutu wake unastahili heshima.